Nilimsomea mume wangu habari ya utafiti wa UKIMWI, mwisho wake nikauruka

Admin, nifichie jina na kijiji pia usikitaje. Mimi ni mama wa miaka 36, mwalimu wa chekechea hapa Songea mjini, mjane wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Nina binti mmoja, yuko darasa la tano. Watakaonitukana watukane tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana mpaka matusi yameniishia.

Mimi na mume wangu tuliishi na virusi vya UKIMWI miaka kumi na moja. Tuligundua nilipokuwa mjamzito. Hatukulaumiana. Tulilia siku mbili, tukaanza dawa, mtoto akazaliwa salama na mpaka leo hana kitu. Ukweni hakuna aliyejua. Mume wangu alilima tumbaku upande wa Namtumbo, anakaa shambani tangu mvua za kwanza mpaka mzigo uuzwe, ila dawa alizifuata huku mjini, za miezi sita kwa mkupuo. Vidonge alivitoa kwenye kopo akavifunga kwenye nailoni, maana kopo likitikisika ndani ya begi linalia, na kijijini kila mtu anaijua ile sauti.

Kiafya alikuwa mzima kuliko mimi. Kilichomchosha ni kumeza. Alikuwa ananiambia, "Mke wangu, nimechoka kuwa mgonjwa wakati siumwi." Nilikuwa namtania kwamba anadeka.

Mwaka juzi shule zilipofungwa nikamfuata shambani. Tulikuwa kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, tunachambua majani, huku namsomea habari kwenye simu. Nikakuta habari ya watafiti wanaotafuta namna ya kuvimaliza kabisa hivi virusi. Ilieleza kwamba dawa tunazomeza zinavituliza, lakini vingine vinajificha mwilini, na hao watafiti wanahangaika kuvitoa mafichoni. Kuna watu walijitolea, wakapewa matibabu mapya, halafu wakasimamishiwa dawa zao za kila siku ili ionekane kama mwili utaweza wenyewe. Mume wangu akaweka majani chini. Akauliza, "Yaani kuna watu wameacha dawa na wako hai?" Nikamjibu, wako hai. Jamani, alicheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa wachumba.

Mwishoni habari ile ilisema wengi wao virusi vilirudi, wakarudishwa kwenye dawa haraka kwa sababu walikuwa wanapimwa damu kila mara. Nilipaona hapo. Nilipasoma kwa macho, mdomo nikaufunga. Nilisema moyoni, acha leo afurahi, kesho nitamwambia. Sikumwambia. Likizo ikaisha nikarudi mjini.

Mwaka huu akaanza kukonda. Akasema ni moshi wa bani, na mimi kwa ujinga wangu nikakubali. Kikaja kichwa, kichwa kisichosikia panadol, mpaka tukamfikisha hospitali hatambui watu. Daktari akaniita pembeni akauliza mara ya mwisho alimeza dawa lini. Nikamjia juu, nikamwambia huyu hajawahi kuruka hata siku moja. Nilimgombeza daktari wa watu bure.

Alipopata nafuu kidogo, mume wangu akanishika mkono akasema, "Niliacha. Nilikuwa najijaribu, kama wale watu uliowasoma. Nilitaka nikimaliza miaka miwili nakuja kukwambia, ili na wewe upumzike." Dawa alikuwa anazichukua kliniki kama kawaida, anakwenda kuzichomeka juu kwenye boriti za bani. Nimezikuta huko baada ya msiba, nailoni kwa nailoni, hazijafunguliwa. Pale pale kitandani aliniapisha kwamba mama yake asijue chochote. Siku ya nne baada ya kiapo hicho akafariki.

Sasa kinachoniua mimi ni hiki. Msimu uliopita mume wangu aligombana na kaka yake mkubwa kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kaka mtu kwa hasira akamwambia mbele za watu, "Utaona." Basi. Mama mkwe wangu kashikilia kwamba mwanawe karogwa na kaka yake. Shemeji hasalimiwi kijijini. Mkewe amechukua watoto amerudi kwao Mpitimbi. Jumamosi hii ni arobaini ya marehemu, na tukishamaliza ibada ukoo unakaa kikao cha kumfukuza shemeji kwenye ardhi ya baba yao. Mama mkwe amenipigia simu, "Mwanangu, utasimama useme mwenzio alilalamika nini kuhusu huyu mtu." Nikaitika, "Sawa mama."

Nikisema ukweli nimevunja kiapo cha mtu aliye kaburini, binti yangu atanyooshewa vidole hadi shuleni, na yule mama atajua kwamba mwanawe alianza kufa siku niliyomsomea nusu ya habari. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anapoteza nyumba, mke na watoto. Kula siwezi. Darasani nawaimbisha watoto huku machozi yananitoka.

Juzi shemeji alikuja hadi hapa mjini. Alikataa kuingia ndani, akakaa kibarazani, mtu mzima amepita miaka hamsini. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyemuuguza. Na wewe unaamini nimemroga mdogo wangu?"

Niliangalia chini. Nikamwambia, "Sijui, shemeji."

Akasema ahsante, akanyanyuka, akaenda zake stendi. Nilijua, ndugu zangu. Nilijua, na nikamwambia sijui. Nawaomba mnisaidie mawazo kabla ya Jumamosi, hasa ninyi mnaomeza dawa kama mimi na mnaojua uzito wa hii siri: wakinisimamisha mbele ya ukoo, niseme nini?