Kilengeo cha Orrin Casto

Wewe ungemwambia? Rafiki yako tangu ujana, mtu aliyebeba jeneza la mama yako begani, anasimama mbele yako na kukuuliza anunue kifaa gani cha kurekebishia bastola yake, na wewe unajua kwamba bastola haina ubaya wowote. Kilichoharibika ni macho yake. Ungemwambia, au ungeanza kumweleza tofauti ya chuma na alumini?

Lyle Burdette alieleza tofauti ya chuma na alumini.

Si kwamba Lyle ni mwongo. Muulize mtu yeyote pale Dorsey Fork, milimani West Virginia, Marekani, atakuambia kwamba Lyle hajawahi kumdanganya mtu hata bei ya tairi kuukuu. Alifanya kazi kwenye gereji ya mabasi ya shule mpaka akastaafu, na hakuwahi kuruhusu basi litoke na breki yenye mashaka, hata bosi wake apige kelele namna gani. Lakini hata huko hakuwa mtu wa kujibizana. Alikuwa anachomoa ufunguo wa basi, anautia mfukoni, anaondoka kwenda kunywa kahawa. Mikono hodari, ulimi mzito. Marehemu mkewe, Noreen, alikuwa akiwachekesha wageni kwa kusimulia siku alipoposwa: Lyle alimletea betri mpya ya gari, akaifunga, akasimama pale uani akifuta mikono, ikabidi Noreen aulize mwenyewe hiyo betri ilikuwa na maana gani.

Tangu Noreen afariki, watu humletea Lyle vitu vilivyoharibika ili apate wa kuzungumza naye. Wanaleta mashine za kukatia majani, feni, misumeno. Na wanaleta bastola, kwa sababu Lyle ana kifaa.

Kilengeo cha nyuma cha bastola, kile kichuma cha kulengea shabaha, kinakaa ndani ya mfuo uliochongwa juu ya chuma, kimebana kama kabari. Ukitaka kukisogeza upana wa unywele, unaweza kukigonga kwa nyundo na kipande cha shaba, kama wengi wanavyofanya, na kama wengi utakikwaruza, utakipitiliza, na mwisho utajigonga kidole gumba. Au unatumia kifaa: fremu nzito yenye parafujo nene. Unafunga bastola ndani, unazungusha mpini, na kilengeo kinasogea taratibu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Lyle alinunua chake baada ya kupoteza kucha mbili. Na kanuni yenyewe ni moja, kila mtoto wa bonde lile anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: risasi zikienda kushoto, kilengeo cha nyuma kisogeze kulia.

Orrin Casto aliifuata kanuni hiyo kwa uaminifu kama muumini. Huyu Orrin alikuwa kinyume cha Lyle kwa kila kitu. Maisha yake yote aliendesha lori la makaa ya mawe, akiteremka milima ile kwenye barafu huku anaimba, na mdomo wake haukuwa na breki. Kila Alhamisi jioni, kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya kituo cha zimamoto, ndiye aliyesimama katikati, ndiye aliyewapa wengine majina ya utani, ndiye aliyeshinda. Miaka mingi alishinda. Kisha risasi zake zikaanza kwenda kushoto.

Mara ya kwanza alimletea Lyle bastola, wakasogeza kilengeo kulia kidogo. Risasi zikarudi katikati. Baada ya muda zikaenda tena kushoto. Wakasogeza tena. Mpaka kiangazi kilipofika, kilengeo kilikuwa kimetokeza nje upande wa kulia kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya benchi, na wale wa Alhamisi walikuwa wamepata lao.

"Orrin, hicho kilengeo kinahamia Ohio!" walimpigia kelele. "Kimechoka kukaa na wewe!"

Orrin aliwajibu, wakacheka, naye akacheka. Lyle hakucheka. Mwezi wa saba Orrin aliiacha bastola kwa Lyle usiku mmoja, na kesho yake Lyle alipanda nayo nyuma ya nyumba, akasimamisha karatasi, akapiga. Risasi zote zilikwenda kulia. Mbali, kulia kabisa, nje ya karatasi. Akapumzika, akapiga tena, akiwa ameegemeza mikono kwenye gunia la mchanga. Kulia.

Hapo alijua. Jicho la kulia la Orrin, lile la kulengea, lilikuwa linakufa, na la kushoto lilikuwa limeshika kazi yake kimyakimya bila kumwarifu mwenyewe. Walikuwa wanaipindisha bastola nzima ili ifuate jicho bovu. Na mkono uliokuwa ukizungusha mpini ulikuwa wa Lyle.

Glenna, mke wa Orrin, alijua kwa njia nyingine. "Shemeji," alimwambia Lyle kwenye simu, "juzi amemimina kahawa mezani, kando ya kikombe, halafu akanigombeza eti nimehamisha kikombe. Mimi akinisikia nazungumzia macho, anatoka nje. Wewe hatakukimbia. Mwambie wewe."

"Nitamwambia," Lyle alisema.

Mwambie. Ni neno dogo. Lakini fikiria linabeba nini. Daktari wa macho wa karibu alifunga milango, anayefuata yuko Charleston, ng'ambo ya milima. Na siku daktari huyo akiandika kwamba Orrin haoni, leseni ya udereva inaondoka, na kule juu kileleni anakokaa Orrin mtu asiye na gari ni mfungwa. Hakuna usafiri mwingine. Hakuna duka. Nchi hii inaweza kumletea mtu bastola, risasi na kila kikorokoro cha kurekebishia mpaka mwisho wa njia ya kokoto, lakini tiba ya macho aifuate mwenyewe, na akiifuata anapokonywa miguu. Halafu watu wa ofisini wanashangaa kwa nini wazee wa milimani ni wakaidi! Wamefundishwa kuficha. Wamefundishwa vizuri sana.

Jumatano alasiri Orrin alikuja. Pikapu yake iliingia uani polepole, ikaligusa pipa la takataka, likalala chini.

"Pipa lako limehama," Orrin alisema akishuka.

"Halijahama."

"Basi limenenepa. Limefanana na mwenye nyumba." Alimpa Lyle mfuko wa mikate ya Glenna, ile yenye soseji ya pilipili ndani, bado ya moto. "Kula kabla sijabadili nia. Glenna anadhani unakufa njaa."

Waliingia gerejini. Orrin aliiweka bastola juu ya meza, Lyle akaifungua, akatazama kama ina risasi, akapitisha kidole kuhakikisha. Haikuwa nayo. Akaitenganisha, akakifunga kipande cha juu ndani ya kifaa, bila kuambiwa.

"Lyle, nakuuliza swali," Orrin alisema, "na unijibu kama mwanamume, si kama mwanakwaya."

"Uliza."

"Ninunue cha kwangu?"

"Cha kwako nini?"

"Kifaa, bwana! Cha kusukumia. Nimechoka kuja hapa kila mara kama jirani anayeomba chumvi. Na nikuambie ukweli, usikasirike. Hicho chako kimechoka. Parafujo imelegea. Tunasogeza leo, baada ya wiki mbili risasi zimerudi kushoto."

"Kifaa hakijachoka."

"Basi umechoka wewe."

Lyle alitafuna mkate. Orrin alisogea karibu na meza, akaipapasa mpaka akapata ukingo, akauegemea.

"Nikiwa nacho kwangu," aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini, "nasogeza mwenyewe, kidogo kidogo, hakuna wa kunichungulia. Wale mabwege wa Alhamisi wamenifanya kichekesho chao. Nami nimewachoka."

Lyle alielewa, akaacha kutafuna. Orrin akinunua kifaa, hakuna atakayemwona akisogeza. Kilengeo kikifika mwisho atanunua kipana zaidi, akisogeze nacho. Atajifungia gerejini kwake na kuipindisha dunia ifuate jicho lake, na hakuna mkono wa mtu mwingine utakaokuwepo kusita.

"Orrin."

"Naam."

"Hii bastola yako niliijaribu. Mwezi wa saba, ulipoiacha hapa."

"Ehe?"

"Risasi zilikwenda kulia." Lyle aliuweka mkate chini. "Zote, Orrin. Nje ya karatasi."

Lyle alidhani amekwisha kusema, kwamba sasa yatafuata yenyewe, kama nati ya kwanza ikilegea. Orrin alimtazama, au alitazama pale alipodhani uso wa Lyle upo, karibu na sikio. Kisha akaangua kicheko mpaka akajishika ubavu.

"Lyle Burdette! Kumbe ni wewe! Macho yako mabovu, mzee mwenzangu! Na mimi nakuachia bastola yangu uitengeneze!"

"Si mimi, Orrin, ni..."

"Hapana, hapana, usione haya. Uzee unatufikia sote." Alimpigapiga bega kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Nenda kapime. Mimi sitamwambia mtu. Hata Glenna sitamwambia. Siri yako iko kwangu."

Lyle alifungua mdomo. Aliiona sentensi nzima, imesimama mbele yake, fupi, wala haikuwa na neno gumu hata moja. Ni wewe usiyeona, Orrin, twende Charleston, nitakuendesha mimi, leo na siku zote. Orrin aliacha kucheka ghafla, kana kwamba amesikia mlango ukifunguliwa mahali fulani ndani ya nyumba.

"Unataka kuniambia kitu?" aliuliza polepole. "Sema basi."

Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtoto anayejua atapigwa na bado hajajua wapi. Lyle alishindwa kuutazama. Alitazama mikono yake mwenyewe, ikishika mpini wa kifaa.

"Nasema ununue cha chuma," alisema. "Cha alumini kinapinda. Kilengeo kikikaza, fremu inafunguka, unaharibu kila kitu."

"Cha chuma," alirudia Orrin, na pumzi ikamtoka.

"Na uangalie parafujo. Iwe nene."

"Nene. Sawa. Nilijua nikija kwako nitapata jibu." Furaha yake ilirudi mara moja. "Yule jamaa wa duka la bunduki mjini anacho rafuni. Kesho asubuhi nashuka."

"Glenna atakupeleka?"

"Glenna anipeleke mimi? Mimi? Wewe umeniona nikiteremsha makaa kwenye barafu, breki moja haifanyi kazi, unaniuliza Glenna?" Alitikisa kichwa. "Hebu nisogezee kidogo hicho, nijue nitaanzia wapi."

Na Lyle alizungusha mpini. Kilengeo kilisogea kulia, kikabaki kimeshikwa na robo yake tu.

Jua lilikuwa bado juu Orrin alipoondoka, maana siku hizi haendeshi gizani. Baadaye Glenna alipiga simu.

"Umemwambia, shemeji?"

"Nimemwambia anunue cha chuma," alisema Lyle.

Nyuma ya Glenna redio ya jikoni ilikuwa inataja bei za ng'ombe.

"Haya," alisema mwishowe. "Asante, shemeji. Umekula ile mikate?"

"Nimekula."

"Basi vizuri." Akakata.

Lyle aliosha sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alijaribu maneno kwa sauti pale jikoni, mbele ya dirisha, na kila alipoyatamka yalitoka kama ya mtu mwingine. Mwishowe aliamua asiseme lolote. Angefanya alivyofanya siku zote: angepanda asubuhi mapema, amkute Orrin kabla hajatoka, achukue ufunguo wa pikapu, autie mfukoni, na kumwambia apande upande wa abiria. Watu wengine hawawezi kusema, lakini wanaweza kuendesha.

Asubuhi haikuwa na ukungu. Barabara ilikuwa kavu, mwanga umeenea, mtu angeweza kuhesabu ng'ombe kwenye kilima cha ng'ambo. Lyle alikuwa amepanda nusu ya mlima alipoiona pikapu ya Orrin ikiteremka, mapema kuliko alivyodhani. Ilikuwa katikati ya barabara; huko magari hupita kulia, na magurudumu yake ya kushoto yalikuwa yamevuka mstari wa njano.

Kwenye lango la majirani, akina Hensley, kuna tangi jeupe la gesi, refu kama gari. Orrin alipolifikia, aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama watu wa bonde lile wanavyomsalimia kila wanayepishana naye. Alilisalimia tangi. Akaendelea kuja.

Lyle aliwasha taa, akazima, akawasha. Alipiga honi. Pikapu haikupinda. Alivuta usukani kulia kwa nguvu zake zote, magurudumu ya kulia yakaacha lami, yakazama kwenye mtaro wa kando wenye tope. Orrin alipita karibu kiasi kwamba vioo vyao viligongana na kile cha Lyle kikapasuka. Kwa nukta moja Lyle aliuona uso wake, shingo imenyoshwa mbele, macho yamefinywa, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Haukugeuka. Kidole hakikuinuka.

Pikapu iliendelea kuteremka kuelekea mjini, taratibu, katikati ya barabara. Lyle alitia gia ya nyuma, akakanyaga mafuta. Magurudumu yalizunguka ndani ya tope, yakarusha nyasi, gari halikutoka. Alikanyaga tena.