Amina ya Pili

Fundi bati alikuwa na masikio mawili mazuri ya kutazamwa, ila ya kusikia hakuwa nayo. Miaka ya kugonga ndoo, makarai na masanduku ilikuwa imeyala kidogo kidogo, mpaka mteja aliyefuata ndoo yake ilimlazimu asimame mbele ya fundi na kusema taratibu, naye amsome midomo. Waliompigia kelele kwa nyuma walijichosha bure.

Kanisani ndiko uziwi ulikompatia jina. Mchungaji alipomaliza kuomba, watu wote walisema amina kwa pamoja. Fundi alikuwa amefumba macho kama wenzake, na aliyefumba macho hasomi midomo. Basi alifungua jicho moja, akaona watu wameshainua vichwa, ndipo alipoitoa ya kwake, peke yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo. Wakambandika jina Amina ya Pili. Hata mchungaji alizoea kumsubiri.

Nyimbo ndio usiseme. Sakafu ilikuwa ya mbao, naye alivua viatu ili ngoma imwingie kwa nyayo, akacheza mikono juu, akaimba ubeti ambao wenzake walishaumaliza. Watoto walipanga foleni kumwona.

Hakuanza hivyo. Masikio yalipoanza kumtupa mkono, alikaa muda mrefu akichezesha midomo bila sauti, kwa kuogopa kuchekwa. Mwisho uigizaji ule ukamchosha. Binti yake, wakati huo bado mwanafunzi, alimuuliza kwa nini sasa anaimba kwa nguvu vile na hali hajisikii. Akamjibu, "Mimi ndiye nisiyesikia, mwanangu. Yeye anasikia."

Sasa binti alikuwa mtu mzima, anafanya kazi benki, na alikuwa amechumbiwa. Jumapili ile wazazi wa mchumba wangekuja kusali nao, halafu wapite nyumbani kula. Walikuwa watu wa kanisa la kimya, wale ambao hata kukohoa wanakohoa kama wanaomba ruhusa.

Jumamosi jioni binti alikwenda karakanani, akamtoa baba yake nyundo mkononi ili amtazame mdomo. Alizungukazunguka sana, mara asifu shati la kesho, mara aulize kama viatu vimepigwa rangi. Mwisho akalitoa lililomkaa rohoni. "Baba, kesho tu. Ukae kama watu."

Fundi alitamani macho yawe yamekosea. Hayakuwa yamekosea. Akasema sawa, kesho tu, akaomba nyundo yake. Nisiwadanganye, ilimuuma kuliko bati lolote lililowahi kumchana kiganja. Lakini alimpenda binti yake, na alijua mchumba mwema haokotwi njiani.

Kesho yake alikaa kama watu. Viatu alivikaza kamba, mikono akaikalia. Ngoma ilipopigwa, kilichomfikia kupitia soli kilikuwa kama kutekenywa tu. Mama mmoja wa benchi la nyuma, akidhani mzee anaumwa, akampenyezea pipi ya kikohozi.

Ukafika wakati wa maombi. Fundi akafumba macho, na baada ya muda akafungua jicho lake moja. Hakuna aliyeinua kichwa. Hata mchungaji ameinama, amefunga mdomo. Akadhani wanaomba kimoyomoyo, akafumba tena. Kumbe amina ilishapita. Kanisa zima lilikuwa linamsubiri yeye, naye analisubiri kanisa. Wageni, wasiojua lolote, wakaona huenda ndio utaratibu wa pale, wakazidi kuinama.

Alipofungua jicho tena, binti alikuwa anamtazama, machozi yanamlengalenga. Fundi akajua kuna kosa amefanya, ila hakujua lipi, akazidi kuikalia mikono. Hapo binti akamgeukia vizuri, uso kwa uso, akafungua kinywa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Fundi hakusikia kitu. Alisoma tu.

"Amina."

Wa kucheka wakacheka. Baba wa mchumba akageuka kuona ni nani. Uso wa binti uliwaka kwa aibu, lakini hakuishia hapo. Alichutama mbele ya benchi, akaanza kupambana na mafundo ya kamba za viatu vya baba yake, akavivua kimoja kimoja, kisha akavua na vyake.

Ngoma ikaanza, na mbao zikamletea fundi habari zake. Akainuka, akapiga makofi huku analia waziwazi. Siku zote mikono yake ilipokutana, ya wengine ilikuwa inaachana. Alilijua hilo, maana macho anayo. Leo akatazama pembeni, akaona mikono ya binti yake ikichelewa pamoja na yake.