Darubini ya Baba Mkwe

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba muuza duka alinidanganya. Nimelisema harusini, nimelisema misibani, nimelisema mpaka nikaanza kuliamini mwenyewe. Sasa mzee, baba mkwe wangu, hayupo tena, kwa hiyo naomba nilifute: hakunidanganya. Alinionya, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nami nikamwona hajui biashara.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imekolea, maduka ya Mwanza yamejaa vitu ambavyo hatukujua kwamba tunavihitaji. Baba mkwe wangu kule Usagara alikuwa na raifo yenye kibali, ya kufukuzia viboko waliopanda kutoka ziwani kula mpunga wa watu, na bunduki hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe mzee wa maana; bila hiyo angekuwa mzee tu, kama wengine. Basi bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, akasikia kwamba macho ya mzee yamechoka, akatuma ujumbe: Jumamosi nakuja, utapiga debe kwa risasi mbele yangu, kutoka hatua mia moja, ukikosa bunduki inarudi serikalini.

Mume wangu Masanja akanitazama. "Wewe umesoma chuo kikuu. Kamchagulie baba darubini ya bunduki, nzuri, ila isiwe ya kutuuzisha ng'ombe."

(Chuo kikuu nilisoma fasihi. Lakini kwa ukoo wa mume wangu aliyesoma amesoma vyote, na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, sikuwahi kuwasahihisha.)

Muuza duka, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, aliweka darubini mbili juu ya kaunta. Moja fupi, nyeusi, haina mbwembwe, inavuta mara nne tu. Nyingine ndefu, inang'aa, inavuta mara kumi na mbili, na bei yake ni nusu ya ile fupi.

"Mama, chukua hii fupi," alisema. "Hii unaweka jicho mbali, vidole vinne, na bado unaona. Ile ndefu ni ya bunduki ya upepo, ya kupigia ndege. Lazima usogeze jicho karibu, na raifo ina teke, itampiga mtu usoni."

"Yaani inayovuta mara tatu zaidi ndiyo ya bei rahisi, halafu unataka ninunue isiyovuta?"

"Mama, kuvuta sana siyo kulenga."

Nikampa lile tabasamu ninalowapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, nikachukua ndefu. Chenji ikanitosha viatu vyekundu.

Fundi baiskeli wa Usagara ndiye aliyeifunga kwa skrubu, akasema imekaza, na kwa kuwa risasi zilikuwa chache hakuna aliyeona haja ya kuijaribu. Jumamosi watu wakajaa uwanjani. Kina mama wakaiangalia ile darubini ikimetameta wakasema, "Mkamwana wetu kachagua chombo!" nami, ndani ya viatu vyangu vyekundu, nikainamisha kichwa kwa adabu kubwa ili sifa ziendelee.

Mzee akalala juu ya gunia, akabandika jicho kwenye kioo kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hapo maneno ya muuza duka yakanirudia yote, neno kwa neno. Ningeweza kupiga kelele. Lakini kwao mkamwana hamwiti baba mkwe mbele za watu, hamsogelei, wala hamtazami usoni. Tangu niolewe, mimi na mzee tulizungumza kupitia mtu wa tatu hata tukiwa chumba kimoja. Nikamvuta Masanja shati.

"Mwambie baba arudishe uso nyuma."

"Nimwambie mimi? Mtaalamu si wewe?"

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, mwambie baba arudi vidole vinne."

"Vidole vya nani?" aliuliza, na kabla sijajibu, paa!

Risasi ilikwenda kwenye kichuguu kilichokuwa kushoto kabisa, ambacho hakikuwa kimemkosea mtu. Debe halikutikisika. Mzee akainuka na duara la damu kuzunguka jicho, duara safi, la kiwandani. Sasa mimi, badala ya kutulia kama watu wenye akili, nikakimbia, nikavua kanga ya juu, nikamkamata baba mkwe uso kwa mikono miwili, nikaanza kumfuta damu mbele ya kijiji kizima.

"Mkamwana!" alipiga yowe mama mkwe. "Umemshika mzee uso!"

"Ndiyo elimu hiyo," alisema mtu nyuma.

Nikamwachia ghafla kama nimeshika sufuria ya moto, na mzee, aliyekuwa ameniegemea, akaanguka chini.

Bwana nyama alikuwa amegeukia ziwani, mabega yanamtikisika. "Mzee, nakupa wiki mbili," alisema alipoweza. "Utarudia bila huo mdude."

Mzee akauliza hewani, bila kunitazama, "Nani aliichagua?"

"Muuza duka, baba," nilijibu hewani vilevile. "Alisema inafaa kabisa."

Siku ile niliapa kwamba sitanunua tena kitu kwa sababu namba yake ni kubwa, na sitamtabasamia tena mtu anayejua kazi yake. Kiapo cha kwanza nimejitahidi.

Wiki mbili baadaye simu ya ofisi ya walimu ililia, nikaitwa. Nilidhani ni Masanja. Kumbe ni mzee mwenyewe, anapiga kutoka posta ya Misungwi, na ndiyo mara yake ya kwanza kusema nami moja kwa moja (nadhani aliona kwenye simu hakuna uso wa kutazama).

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bwana nyama alikuja asubuhi. Nimepiga mara tatu, bila darubini. Bunduki kaichukua."

"Baba, yule muuza duka, kusema kweli..."

"Nisikilize. Debe sikuliona. Hata siku ile, na darubini, sikuliona. Huu ni mwaka wa pili sioni." Alivuta pumzi. "Kijijini wanajua ni darubini iliyoniharibu jicho. Wakikuuliza, muuza duka alitudanganya. Umesikia, mkamwana?"

"Nimesikia, baba."

"Haya," alisema, akakata simu.