Hatua Moja na Nusu Kinyumenyume

Gari ilirudi nyuma hatua moja na nusu. Siongezi wala sipunguzi, maana baadaye walipima kwa kamba. Bibi harusi alikuwa ndani, amefunikwa shela, kashika maua. Mimi nilikuwa nje, nimepiga magoti na suti ya kuazima, nasukuma tairi la mbele kwa mikono miwili kama mtu anayegombana na ndama. Matarumbeta yakanyamaza ghafla. Shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akashika kichwa.

"Imerudi! Mmeona wote, imerudi!"

Siku hiyo ndiyo mpwa wangu alioa, na siku hiyo ndiyo maneno yalipoanza. Sasa dada yangu, mama yake bwana harusi, hasemi na mimi. Tulizaliwa sita, tumebaki yeye na mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kalamu naijua kuishika, na wenye makosa nitawataja mmoja mmoja. Majina nayaacha. Wenyewe wanajijua.

Wa kwanza ni huyo shangazi wa Kihesa. Tulipotoka Mbeya kwenda kwao Kihesa, Iringa, kupanga harusi, alitupa masharti tukiwa bado hatujamaliza hata chai. Gari ya kumchukua binti ije mpaka mlangoni, uso wake umeelekea nyumba. Nikamwomba kwa heshima niingie kinyumenyume, ili nikishampakia nitoke moja kwa moja.

"Baba," akaniambia, "unakuja kuchukua mtoto wa watu, unatanguliza makalio?"

Wanawake wote wakacheka. Akaendelea: bibi harusi akishakaa ndani, gari isirudi nyuma hata kidogo. Gari ya bibi harusi ikirudi nyuma, na yeye siku moja atarudi kwao. Kwa hiyo niingie mbele, nigeuze uani kwa mkunjo mmoja, nitoke mbele. Bila rivasi.

Na gari yenyewe ilikuwa ya spoti. Nyekundu, milango miwili, imelala chini kama sahani. Nilikuwa nimeipata kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Rujewa ambaye alichoka kuivuta kwa trekta kila mvua ikinyesha. Nilikuwa nabebea maharusi Mbeya nzima, na watu walikuwa wananipungia. Tatizo lake moja: haikunji. Ukitaka kugeuza unahitaji uwanja wa mpira.

Wa pili ni mshenga wetu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupima ua. Ni mtu mfupi, na alipima kwa miguu yake.

"Hatua kumi na mbili," akasema, anajifuta jasho kama amelima. "Ukikaza stelingi vizuri, inageuka."

"Hatua zako au zangu?"

"Hatua ni hatua, mjomba."

Tena alipima ua mtupu. Hakuuliza masufuria ya pilau yatakaa wapi siku ya shughuli.

Nikamwambia dada basi tukodi gari nyingine. Akakataa. Alisema mtoto wake hana baba, ana mjomba, na mjomba ana gari nyekundu, Mbeya yote inajua. "Wewe ndiye utaniletea mkwe wangu," akasema. "Safari hii tu, kaka, usiniharibie." Alisema safari hii kwa sababu kuna safari nyingine niliyowahi kumharibia, lakini hiyo haihusiani na stelingi.

Ndipo nikaenda kwa fundi, na huyu ni wa tatu, ndiye mkubwa wao. Gereji yake ipo Mbeya, karibu na ninapokaa. Anavaa miwani ya kuchomelea kichwani mpaka kanisani. Nilimweleza shida yangu kama mtu anavyomweleza daktari. Akatoa simu, akanionyesha magari ya nje yanakwenda kiubavu, tairi za mbele zimepinda mpaka unaona huruma.

"Hawa wameongeza mkunjo," akasema. "Siku mbili tu mzee wangu. Utageuza ndani ya choo."

Alichofanya nimekielewa sasa, na nitakieleza hata wewe usiyejua gari. Kuna fimbo ya chuma inayosukuma tairi ya mbele ukizungusha usukani. Inashika kwenye mkono mfupi uliotoka kwenye tairi. Yeye alikata ule mkono, akaufupisha, akauchomelea upya. Ukizungusha usukani kidogo, tairi inapinda sana. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Lakini kiwandani waliweka vikingamo viwili vya chuma, kila upande kimoja, ili tairi isipinde kupita kiasi. Mafundi wanaviita stopa. Huyu bwana alivikata vyote kwa grenda.

Siku ya kuichukua akanipa mfuko wa nailoni. "Hivi vimebaki," akasema. Nikaviweka kwenye dashibodi. Mimi nilijua ni uaminifu, kama fundi cherehani anavyokurudishia kitambaa.

Na nyongeza moja, ya bure: handibreki ndefu kama mpini wa jembe. Ukiivuta inashika, ukiiachia inaachia, haijifungi yenyewe. Nikamshukuru kwa hiyo pia.

Siku hizi anadai alinionya nisimalize usukani wote. Inawezekana. Alinionya grenda ikiwa inalia.

Tulijaribu kwenye uwanja mtupu. Niliizungusha gari kreti moja ya soda, na kreti haikuguswa. Watu wakapiga makofi. Nililala usiku huo nimeridhika kuliko siku niliyooa.

Siku ya harusi nikafika Kihesa, nikaingia uani uso mbele kama nilivyoagizwa. Shangazi akaitazama gari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini upande wa kushoto kulikuwa na masufuria matatu ya pilau juu ya moto, na mpishi mwenye mwiko mrefu kama kasia. Nikamtafuta mshenga kwa macho. Alikuwa anatazama mawingu.

Bibi harusi akaingizwa kiti cha mbele, maana nyuma hakuingii hata mbuzi. Nikatia gia. Kwa sababu ya masufuria nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho. Nikasikia "ka!" chini, kidogo tu, kama mtu amevunja ubua. Gari ikageuka vizuri ajabu. Vigelegele. Geti likaja mbele yangu. Nikarudisha usukani.

Haurudi.

Tairi zilikuwa zimepinda mpaka ile fimbo imevuka mahali pake na kujifunga upande wa pili. Stopa zingeizuia, lakini stopa zilikuwa kwenye dashibodi. Geti likapita. Tukarudi mlangoni kwa shangazi, naye akapunga kitambaa, amejua ni salamu. Wapiga matarumbeta wakajua ni mbwembwe, wakaongeza kasi. Tukazunguka tena.

Utaniuliza kwa nini sikusimama. Nisimame niende wapi? Mbele ukuta, nyuma marufuku. Nilikuwa naomba Mungu ijifungue yenyewe kwa mwendo.

"Mjomba," bibi harusi akaniita ndani ya shela.

"Naam, mwanangu."

"Tunakwenda kanisani?"

"Tunakwenda."

"Mbona shangazi tumempita mara tatu?"

Mzunguko wa nne kioo cha pembeni kikagusa sufuria, mpishi akanitukana Kihehe na Kiswahili. Hapo nikakanyaga breki, injini ikazima. Nikavuta ule mpini wa jembe, nikashuka kwenda kusukuma tairi kwa mikono. Ua wa watu Kihesa una mteremko, na handibreki ukiiachia inaachia. Mengine nimeshayasema pale juu.

Shangazi akakataa kata kata. Gari imeshalaaniwa, mtoto hatoki nayo. Wazee wakaanza kubishana: gari iliyorudi yenyewe bila dereva, imerudi au imeteleza? Wakaleta kamba. Wakati wanapima, bajaji iliyoleta barafu ya vinywaji ikaingia uani, ikateremsha mzigo, ikageuka palepale ilipo na kutazama geti. Ua mzima ukaiangalia. Kaka zake wakambeba bibi harusi juujuu, wakamketisha nyuma penye unyevu, matarumbeta yakaanza upya, wakaondoka zao kanisani. Mimi nikabaki na mpishi.

"Ungekuja na hiyo toka mwanzo," akaniambia, anakoroga.

Yangeishia kwenye kicheko, ningevumilia. Lakini miezi minne baadaye mpwa wangu na mkewe waligombana kwa jambo la kijinga, kuhusu nani alale upande wa dirishani, baridi ya Mbeya ikiwa kali. Mke akapanda basi akarudi Kihesa. Hii ni wiki ya tatu. Mpwa wangu hali vizuri. Na dada alinipigia simu mara moja tu.

"Uliirudisha mwenyewe kwa mkono wako," akasema, akakata.

Sikuirudisha mimi! Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, naisukuma tairi!

Kikao cha familia kimewekwa Jumapili baada ya ibada, Kihesa, uani palepale. Wote wanakuja kunihukumu mimi. Shangazi atakuwepo, kwa nini akatae rivasi halafu akubali bajaji, aseme. Mshenga atakuwepo, apime tena ule ua kwa miguu ile ile, tuhesabu sote. Lakini wewe fundi umenitumia ujumbe kuwa una kazi nyingi. Kazi gani? Mfuko wa nailoni ninao, vyuma viwili vimo ndani, alama ya grenda inaonekana mpaka leo. Nitaviweka mezani mbele ya dada yangu. Panda basi uje, vua hiyo miwani, umtazame yeye usinitazame mimi, umwambie kwa mdomo wako: hivi vilikuwa vinafanya kazi gani kwenye gari ya kaka yake, na nani alikutuma uvikate?