Gereza la Plasta

Enzi zile zetu pale Kiminini, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Ulikata, ulifinyanga, ulishona, na kikiharibika ulianza upya. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mipira ya makaratasi na magari ya waya. Lakini nadhani ni sisi wawili tu, mimi na mdogo wangu Nafula, tuliojenga gereza la joka kwa plasta.

Baba alikuwa fundi wa dari. Matajiri wa Kitale walipoanza kutaka maua meupe juu ya taa zao, yeye ndiye aliyewatengenezea. Alikoroga unga wa plasta na maji kwenye ndoo, akaumimina ndani ya kalibu ya mpira, akangoja, kisha akabandua ua zima, lenye majani na mishipa yake, bado lina uvuguvugu. Vumbi lake liliingia hadi kwenye ugali, nasi tuliula hivyo hivyo. Vijana wa leo wakiona unywele mmoja kwenye chapati, sahani inasukumwa kando.

Siku moja Mama alituletea kutoka soko la Kitale kitabu cha picha kisicho na jalada. Ndani yake kulikuwa na gereza la chini ya ardhi: ngazi za mawe, nguzo zilizopasuka, joka limelalia mifupa. Kiingereza chake kilitushinda, kwa hiyo Nafula, aliyekuwa na miaka minane, akatunga hadithi yake. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja, nikawa fundi. Matofali tuliyamimina kwenye visanduku vya kiberiti tulivyovipaka mafuta. Nguzo tulizipata kwa kukandamiza gunzi la mahindi kwenye udongo wa mtoni na kumimina plasta katika alama yake. Zilitoka na nakshi ambayo hata Baba aliisifu. Kuta tulizipaka masizi ya sufuria. Kwa miezi miwili lile gereza lilikua juu ya mlango mbovu uliolazwa chini, nyuma ya stoo, na watoto wa majirani walikuja kulitazama wakiwa wamekunja mikono mgongoni, maana Nafula hakuruhusu mtu aguse.

Kisha akataka jitu.

"Limefungiwa chini," alisema. "Mkono wake tu ndio unatoka sakafuni."

Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ameenda Bumula kumwona nyanya, Mama yuko sokoni. Nilikoroga plasta nzito, nikajaza mkebe wa mafuta ya kupikia. Tulitaka alama ya mkono wa Nafula iwe kalibu yetu. Aliuzamisha hadi kwenye kifundo, vidole amevitanua.

"Dada, inapata moto."

"Ngoja kidogo. Ukitoa saa hii itaharibika."

"Inachoma, bana!"

"Si ungoje! Acha kulia ovyo."

Nikamshika mkono kwa nguvu asiutoe. Nilijua plasta hupata joto ikishikana. Sikujua kwamba ikiwa nyingi namna ile inaweza kupika nyama. Nilipomwachilia, mkono haukutoka. Alivuta, mkebe ukaja nao. Nikamwagia maji, nikagonga kwa jiwe, na sauti yake ilifika hadi barabarani. Mama Wanjiku, jirani mwenye duka, ndiye aliyekuja na nyundo, akaivunja plasta kipande kwa kipande huku akiomba Mungu kwa Kikuyu. Kilichotoka ndani sitakieleza.

Walimkata vidole vitatu katika hospitali ya Kitale. Alibaki na gumba na kidole kimoja.

Baba aliporudi kutoka hospitalini, aliniita uani. "Nani alikoroga ile plasta?"

"Ni yeye, Baba. Mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji."

Nilingoja kiboko. Hakikuja. Aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisani. "Basi ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliacha gunia wazi."

Alilisema hilo kwa miaka yote iliyofuata. Kalibu alizichoma. Tulihamia Bumula, akalima mahindi na miwa bila kujua vizuri kulima, na mtu akimwita fundi hakuitika. Kila Nafula alipopita na sahani mkononi, Baba alitazama pembeni. Nami nilikaa meza ile ile nikila.

Alifariki mwaka jana. Siku mbili baada ya mazishi, mimi na Nafula tulikuwa tunaosha sufuria za wageni. Siku hizi Nafula ni mwalimu kule Sirisia, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Nafula," nikasema, "mimi nilikoroga. Mimi nilikushika. Na nilimdanganya Baba."

Hakuacha kusugua. "Najua. Si nilikuwa hapo?"

"Mbona hukusema?"

"Nilifikiri utasema mwenyewe." Akamwaga maji, akainama kuchota mengine. "Mimi nilishakusamehe zamani, dada. Lakini ni Baba ungemwambia."

Hatujalizungumzia tena.

Wenzangu, tukikutana mnapenda kusema kwamba enzi zetu watoto walikuwa na heshima: baba akikohoa, nyumba nzima inanyamaza. Ni kweli, tulinyamaza. Wanangu hapa Kitale wana midomo. Wanabishana nami kuhusu simu, kuhusu kanisa, hata kuhusu chumvi ya mboga. Juzi mdogo wao aliingia jikoni, akaniambia amevunja dirisha la jirani, na jirani mwenyewe bado hajui. Nilizima jiko, nikavaa viatu, tukaenda naye kubisha hodi.