Nilivyowaogesha vifaranga weupe wa marehemu bibi, mwewe akafanya yake

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, wengine mambo vipi. Hii siyo chai, na waliokulia Karatu wanajua udongo wetu ulivyo mwekundu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa darasa la tatu, bibi mzaa mama alifariki. Mama alirudi kutoka msibani na kikapu, ndani tetea wa bibi, mweupe pee. Ndio urithi wake wote.

Jogoo wetu alikuwa mwekundu, basi vifaranga wakatoka mchanganyiko.

Mwewe naye akaanza kazi. Wale wekundu wakijibanza chini hata mimi nusura niwakanyage. Weupe alikuwa anawaona toka mbali, anabeba tu.

Wakabaki weupe watatu, na tetea alishazeeka, hatagi tena. Kila asubuhi mama akawa anawapaka tope, mmoja mmoja, huku anawasemesha Kiiraqw. Mimi nikajua anawachezea. (Utoto jamani!)

Jumapili moja mama kaenda kanisani, atarudi na wageni. Nikaona aibu, vifaranga wachafu vile! Nikawaogesha kwa sabuni ya kufulia, nikawaweka juani. Waling'aa, nikafurahi sana.

Ugali haujaiva, wote watatu hawapo.

Mama alinikuta nalia. Nikasubiri fimbo. Akanipakata mbele ya wageni, akasema, "Ulitaka wapendeze, mwanangu. Bibi yako naye alikuwa hivyo hivyo." Halafu akalia yeye. Msibani kote hakuwa ametoa chozi.

Form three mwalimu wa Biology akafundisha natural selection: anayefanana na mazingira haliwi, anazaa wanaofanana naye. Wenzangu wanaandika notes, mimi nimeinamia dawati. Wakati huo kuku wote wa nyumbani walishakuwa rangi ya udongo. Mwewe ndiye aliyetuchagulia.

Juzi juzi nimeenda kumsalimia mama. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Tetea mwekundu kaangua, na katikati ya vifaranga wake kuna mmoja mweupe pee! Miaka yote hiyo, wakuu.

Nikamwekea mama mkononi, nikamwambia rangi yake. Akampapasa taratibu, kichwa mpaka mkia.

"Kachote tope," akasema.

Tulimpaka wote wawili, mikono yake juu ya yangu.

Nilichojifunza: uliza kwanza kabla hujasafisha cha mtu. Wenye visa vyenu vya kuku na mwewe shusheni hapa, nasoma comment zote.

Kifaranga anaendelea vizuri. Ni mchafu balaa.