Fundi Zénon na Uso wa Mama Yetu

Zénon aliweza kukata gauni bila kupima, kwa kumtazama tu mwenye nalo akipanda ngazi. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo chakavu huko Point, karibu na bandari ya Durban, na wanawake waliotoka Bukavu walipomletea vitambaa aliwasikia wakihema tangu ghorofa ya kwanza, akajua nani amenenepa, na akawaambia. Walinuna, wakacheka, wakarudi. Durban nzima hakukuwa na fundi mwingine aliyejua kutunisha mikono ya gauni kama inavyotunishwa nyumbani, na Zénon aliujua ukweli huo kuliko alivyozijua sala zake.

Lakini mdomo huo ulimkosesha kitu kimoja alichokitaka kwa dhati. Zénon alitaka kumbeba Mama Yetu.

Kwao Nyamushenyi, juu ya Ziwa Kivu, kuna picha ya Bikira Maria yenye uso mpana na macho yanayomfuata mtu hadi mlangoni. Wazee husimulia kwamba mwami, yaani mfalme, wa zamani hakutaka hata kusikia harufu ya mapadre. Siku moja mama yake, Mwamikazi mzee, akapitishwa mbele ya picha ile akiwa mgonjwa kwenye machela. Akaomba ateremshwe. Akavua taji lake la ushanga, akaagiza picha ivikwe, akasema, "Mbele ya mwanamke huyu mimi ni mtumishi." Mapadre walishangilia, mwami akanuna mwaka mzima, kisha naye akabatizwa. Tangu hapo, kila sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, mtu wa ukoo wa mwami hutangulia, na wakulima wanne huibeba picha nyuma yake.

Baba yake Zénon alikuwa mmoja wa wanne hao hadi alipokufa. Vita vilipofika mwaka 1996, Zénon akakimbia, ila mama yake, Nsimire, alikataa katakata kuondoka. Alimwambia mwanawe, "Ukifika salama, mubebe Mama. Nitajua umefika." Alifika salama. Miaka miwili ikapita na hakuwa amembeba mtu yeyote.

Si kwamba Durban ilikosa Mama Yetu wa kubebwa. Kulikuwa na sanamu ya plasta iliyoachwa na masista waliohama Morningside, nzuri, ila kidole kimoja kilikuwa kimemeguka. Wanawake waliivika ushanga kichwani ili ifanane na picha ya nyumbani. Na mtu wa ukoo wa mwami alikuwepo pia: Mama Agathe, mwenye saluni ya kusuka, mjukuu wa yule mwami aliyenuna. Alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili na heshima ya kutosha watatu, na wote walimwita Mwamikazi. Yeye ndiye aliyechagua wabebaji. Mwaka uliotangulia Zénon aliomba, akajibiwa mbele ya kwaya nzima.

"Weye? Mudomo yako itamuchekesha Bikira katikati ya barabara."

Basi mwezi wa saba mwaka 1998 vitenge viliwasili. Parokia ya Nyamushenyi ilivichapisha kwa ajili ya jubilei yake, na vilikuwa vimesafiri kwa malori kupitia Bujumbura na Dar es Salaam hadi vikanuka dizeli. Kila kimoja kilikuwa cha yadi nne, na kila yadi ilikuwa na uso wa Mama Yetu, mkubwa kama sahani ya wali, taji la ushanga kichwani. Wanawake kumi na wawili wa kwaya wakavibusu. Wengine walilia. Zénon, aliyeitwa kuja kuvipokea, aliona ukimya umezidi, akashindwa kujizuia.

"Mama zangu, na mukivaa hii, mukikaa, munakalia nani?"

Walicheka wote isipokuwa Mama Agathe. Yeye alisimama, akageuza mzaha kuwa sheria. Hakuna mwanamke atakayemkalia Mama Yetu. Uso wake usishuke chini ya magoti. Usigeuzwe kichwa chini. Na mkasi usimkate.

"Na weye Zénon, sababu ni weye uliona," alimalizia, "utashona vile. Ukifaulu kwa mama wote kumi na mbili, nitakupa kubeba. Ukishindwa, usiniombe tena."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa wiki tatu Zénon alitandika vitenge sakafuni, akavua viatu ili asimkanyage mtu, akatambaa na chaki yake kama anayetafuta sindano. Yvette, kiongozi wa kwaya, hakumpa taabu; alikuwa mwembamba kama fagio, uso mmoja ukaingia kifuani na mwingine katikati ya mabega. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alilalamika kwamba mtoto wake sasa atanyonya chini ya kidevu cha Bikira. Zénon akamwuliza kama alijua mahali bora zaidi pa mtoto kunyonya. Mama akachukua gauni lake, akaondoka.

Katikati ya kazi hiyo vita vikaanza tena nyumbani. Ilikuwa tarehe mbili Agosti. Simu za Bukavu zikakatika, na watu wakawa wanashinda kwenye maduka ya simu wakipiga namba ileile isiyoita. Wengine walisema sikukuu iahirishwe. Mama Agathe akasema iko palepale, Jumapili ya tarehe kumi na sita, na asiyetaka akae kwake. Zénon alirudi kwenye cherehani, na siku hiyo alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, jambo lisilowahi kumtokea.

Ijumaa magauni kumi na moja yalikuwa tayari. Mama Agathe akapanda ngazi kujaribu la kwake. Lilimkaa vizuri, Mama Yetu kifuani, Mama Yetu mgongoni, Mama Yetu wa tatu kwenye kilemba. Alijitazama kwenye kioo cha Zénon, ambacho kilimwonyesha mtu kuanzia kichwa hadi tumbo. Kilichobaki chini ilikupasa ukisadiki tu.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini iko nguo ya mutu wa kawaida. Ongeza marinda. Mwamikazi anapita, nguo inabaki inakuja."

"Mama, tissu imeisha. Imebakia kipande moja tu, na iko na uso."

"Weka nyuma."

"Nyuma pa wapi, Mama?"

"Zénon! Nyuma iko nyuma! Miye niko fundi?"

Hapo mtu mwema angeeleza. Zénon alifungua mdomo, akakumbuka aliyoambiwa mbele ya kwaya nzima, akaufunga. Siku zote alisema alipopaswa kunyamaza. Siku ile alipaswa kusema, akanyamaza. Mama Agathe alipoondoka aliketi kwenye cherehani akatia kile kipande kati ya marinda, wima, bila kukatwa, juu kabisa ya magoti. Sheria tatu alizitimiza vizuri. Ile ya kumkalia ndiyo ilikuwa na kasoro, maana uso ulitua mahali hasa ambapo Mama Agathe hukutana na kiti. Alicheka peke yake, pini mdomoni, nusura azimeze.

Kicheko kilikwisha Jumapili asubuhi, alipokuwa akipiga pasi. Atakaa, aliwaza. Atakaa, wataona, na mimi sitabeba. Akashika wembe afumue. Kabla hajakata uzi wa kwanza Yvette alikuwa mlangoni, ametumwa kuchukua nguo, na hakutaka kusikia habari ya kusubiri.

Kanisani wanawake waliingia kwa mstari, wakiimba, Mama Agathe akiwa wa mwisho kama inavyostahili. Kila alipopiga hatua, uso ule wa nyuma ulielekea kulia, ukaelekea kushoto, ukibariki benchi za pande zote mbili. Upande wa wanaume, Ladislaus alimgusa Zénon kwa kiwiko. Ladislaus alikuwa Mtanzania wa Bukoba, mpakuaji wa mizigo bandarini, na mbebaji tangu mwaka uliopita kwa sababu ya mabega yake.

"Kaka, mbona yule ananitazama?"

"Sali," alisema Zénon.

Somo la kwanza likafika na watu wote wakaketi. Mama Agathe alikusanya marinda, akaanza kushuka.

"Mama, usikae!" Yvette alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi kwa Zénon. "Iko hapo!"

"Nani?"

"Mama Yetu! Sura yake iko kwa... iko kwa kiti!"

Mama Agathe alibaki katikati, si juu si chini. Mkono wake ulikwenda nyuma polepole, ukapapasa, ukakuta taji la ushanga. Kisha akainuka, akanyoosha shingo, akasimama kama mlingoti. Alisimama somo la kwanza, zaburi na somo la pili. Mahubiri yalipoanza alikuwa bado amesimama peke yake, na padre akamwona.

"Mnamwona mama huyu?" padre alisema. "Nchi yake inaungua, na yeye amekataa kiti."

 Yvette akasimama, kisha kwaya yote, kisha wanaume mmoja mmoja. Bibi wa Kizulu waliokaa mbele wakauliza kuna nini, wakaambiwa ni kwa ajili ya vita, wakasimama nao. Misa ilichukua saa mbili na nusu. Ladislaus alinung'unika kwamba amani ya Kongo inalipwa kwa magoti ya Wahaya. Siku nyingine Zénon angeongezea lake. Alikuwa akitazama miguu ya Mama Agathe inavyovimba na kumwagika juu ya viatu, na aliona aibu, aibu halisi ya kutaka sakafu immeze.

Misa ilipokwisha, Mama Agathe alisimama kando ya sanamu, iliyokwisha kufungwa kwenye miti ya kubebea, akaita wabebaji. "Jacques. Peguy. Ladislaus." Akaweka sawa ushanga wa sanamu. Zénon aliinamisha kichwa akaanza kuvaa koti lake.

"Zénon. Kuja hapa."

Alikwenda. Mama Agathe alisema kwa sauti ya chini, uso wake ukiendelea kuwatabasamia watu.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Pardon."

"Na ukanyamaza. Siku moja tu ya maisha yako yote, na unachagua ile." Alipumua. "Shika muti ya mbele, kuume. Utatembea nyuma yangu. Karibu kabisa! Mutu mwingine asione kitu."

Hivyo ndivyo Zénon alivyopata kumbeba Mama Yetu, yeye mwenyewe akiwa pazia. Walitoka barabarani kwenye upepo wa Agosti, wanawake wakiimba. Mti ulimkata begani. Bega la fundi halijazoea kitu kizito kuliko pasi. Akiinua macho alimwona Mama Agathe, akiyainamisha alimwona Mama Yetu akimtazama kutoka kwenye marinda. Alikuwa na hakika kwamba yeye mwenyewe atacheka. Walipofika kwenye robot, kama taa za barabarani ziitwavyo huko, ikawaka nyekundu, na Bikira Maria akasimama kusubiri kama raia mwema, teksi zikipiga honi. Hapo Zénon alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mama Nsimire, nimefika."

Mama Agathe hakugeuka. "Nani huyo?"

"Mama yangu. Iko Nyamushenyi."

"Ulisikia habari yake?"

"Hapana, Mama. Tangu mwaka jana."

Mama Agathe alivuta pumzi. Kisha akatoa sauti yake ile isiyohitaji kipaza sauti. "Nsimire wa Nyamushenyi!"

"Mama, umulinde!" wanawake waliitikia, bila kumjua.

Yvette akataja ndugu zake wawili. Jacques akataja mke wake. Majina yakaanza kutoka kila upande, ya watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Goma, na kila jina liliitikiwa. Robot iliwaka kijani, ikarudi nyekundu, ikawaka kijani tena. Hakuna aliyesogea mpaka majina yalipokwisha, na hata honi za teksi zilikuwa zimenyamaza.

Baadaye kwenye ukumbi wa kanisa kulikuwa na wali, kuku na viti vya plastiki. Mama Agathe aliingia akichechemea. Wanawake walimzunguka wakitazama viti, wakitazama marinda. Yeye alivuta kiti, akamkalia Mama Yetu kwa uzito wake wote.

Yvette alishika mdomo.

"Nini?" alisema Mama Agathe. "Mama Yetu alizaa. Anajua miguu ikivimba." Kisha akatazama ukumbini. "Zénon iko wapi?"

Zénon alikuja akachuchumaa sakafuni mbele yake. Ndiyo desturi ya kwao. Mtu wa kubeba hakai kwenye kiti mbele ya ukoo wa mwami, hata kiti chenyewe kikiwa cha plastiki.

"Toka chini. Kaa kwa kiti, hapa pembeni yangu," alisema. "Sasa niambie. Ule Nsimire iko mutu wa namna gani?"

Zénon alikaa ukingoni. Alifikiri. "Mama yangu? Anasema sana. Ananipita miye."

"Anakupita weye?" Mama Agathe alicheka hadi kiti kikalalamika. "Basi iko muzima. Mutu wa vile, hata vita inamuogopa."

Zénon alitaka kujibu, akaanza kulia, na Mama Agathe akasogeza kiti chake karibu naye bila kuinuka.